Safari ya mtoni kwa chombo kidogo: Tana, visiwa vya Amu, au tukaufuate Nile?

#1 Maweni_Mld
Asalaam aleikum nyote. Tuko wanane hapa Malindi, tuna chama, na mfuko wa mwaka huu tumekubaliana uende kwenye safari ya maji. Si boti ya kioo ya Casuarina, kutazama samaki na kurudi. Twataka mto: mandhari, watu na mila zao, na wanyama. Siku nne. Chombo kidogo, kisizidi watu kumi na wawili.

Mezani kuna matatu: (a) Kipini, tupande Tana hadi kijiji cha Ozi na mbele yake, (b) mashua kutoka Amu (Lamu), tuzunguke Manda na Pate, (c) tuweke akiba mwaka mwingine, tukapande dahabiya, chombo cha matanga, kule Misri, Luxor hadi Aswan.

Mimi nadai (a) yazishinda hizo mbili kwa mbali. Asemaye vinginevyo alete hoja.

#2 Pondo_Kipini
Karibu. Kabla ya kuchagua chombo chagua mwezi, maana Tana si mto mmoja mwaka mzima. Maji hupanda mara mbili, masika kama Mei na vuli kama Novemba. Yakipanda, viboko husambaa kwenye nyika zilizofurika, huwaoni. Kingo hazina pa kushukia, na magogo yateremka na mkondo yamezama nusu, yaonekana kama mamba hadi yakupige feni ya mashine.

Januari hadi Machi maji hushuka. Mamba hulala juu ya mafungu ya mchanga, ndege hujazana kwenye vidimbwi, viboko hukusanyika penye vina. Ubaya wake ni kuwa hata chombo kinatafuta kina hichohicho walichojificha wao. Kwa hiyo mwahitaji chombo cha tumbo bapa, kisichozama zaidi ya magoti ya mtu mzima, na pondo mbili, zile fito ndefu za kusukumia chombo. Pondo, si makasia. Chombo kikikwama kwenye tope kasia halikusaidii kitu.

#3 BintiSiyu
Nakupinga Maweni. Wewe wataka mambo matatu, na Tana itakupa mawili kwa taabu. Utamaduni uko huku. Kwa siku nne za mashua wapata mji wa Amu wenyewe, ulioingia urithi wa dunia 2001, wapata magofu ya Takwa kule Manda, Matondoni wanakounda vyombo, Siyu yenye ngome na mafundi wa ngozi, na magofu ya Shanga ambako walichimba wakakuta misikiti juu ya misikiti hadi karne ya 8. Mikoko yote hiyo waipita ndani, chombo chagusa majani. Mandhari gani zaidi?

#4 Ngalawa_Mambrui
Na wanyama je? Punda?

#5 BintiSiyu
@Ngalawa_Mambrui nilijua mtu wa Malindi atasema punda. Kasa, pomboo, na ndege wa mikokoni. Kaskazini zaidi, hifadhi ya bahari ya Kiunga ina kasa wanaotaga na nguva kwa bahati. Nyinyi endeleeni na pitsa zenu.

#6 Mwalimu_Garsen
Neno moja la kusahihisha kabla halijaenea, maana nimeona likisemwa kwingine: mbega mwekundu wa Tana na mangabei, kima wenziwe, hamtawaona Kipini. Hao wanaishi kwenye vipande vya msitu wa kando ya mto, huko juu. Hifadhi yao, iliyotengwa 1976, iko kaskazini ya Garsen ukielekea Hola. Anayewauzia safari ya Kipini kwa picha ya mbega mwekundu awaonyeshe kwanza atapitia njia gani. Deltani kuna kiboko, mamba, nyati mahali mahali, na ndege wengi ajabu. Ndiyo sababu delta iliandikwa 2012 kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhioevu muhimu za dunia.

Na wageni husahau kwamba Wapokomo ndio wenye mto. Wimbo wetu wa taifa umetokana na wimbo wao wa kubembeleza mtoto. Sasa @BintiSiyu ukisema utamaduni uko Amu tu, unatuonea.

#7 Mashine_40
Tuongee chombo. Abiria 8, nahodha na msaidizi wake, jumla 10. Boti ya faiba ya mita 7 au 8 yatosha. Angalieni haya kabla hamjatoa arubuni:

Mkishapanda wote na mizigo yote, ubavu unaobaki juu ya maji uwe si chini ya sentimita 30, upimwe pale palipo chini kabisa. Turubai la juu liwe fupi. Turubai refu lapendeza kwenye picha, lakini upepo wa mchana ukilishika kwenye kona ya mto boti yaenda kingoni yenyewe. Viti vipangwe watu watazame nje. Mkitazamana kama kwenye matatu, nusu yenu mtaona migongo.

Injini ya farasi 40, ya kuchanganya oili, ikienda nusu mwendo hula kama lita 8 kwa saa. Mkitembea saa tatu kwa siku, siku nne, ni lita 96. Kanuni ni theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba, basi bebeni 144. Oili kwa injini nyingi hizo ni moja kwa hamsini, yaani mililita 400 kwa jerikani ya lita 20. Someni kitabu cha injini husika.

Maji ya kunywa na kupikia lita 4 kwa mtu kwa siku. Watu 8, siku 4, lita 128.

#8 Pondo_Kipini
@Mashine_40 umesema kumi ukahesabu wanane. Nahodha na mwenziwe hawanywi? 160, jerikani nane. Na hizo ni kilo 160 ambazo hukuziweka kwenye ubavu wako wa sentimita 30.

#9 Mashine_40
Haya, 160. Ubavu nilisema "na mizigo yote".

#10 Jahazi_Mzee
Niwaulize nyinyi vijana wa injini. Mto wa Tana umejaa mchanga na tope. Ile mashine yanyonya maji ya mtoni kujipooza. Mchanga hula impela, yaani mapanga ya ndani ya pampu, matope yaziba tundu. Yule kijana wa nyuma kazi yake moja ni kutazama ule mchirizi wa maji unaotoka kwenye mashine. Ukipungua, zima mara moja, inua, zibua kwa waya mwembamba. Akiendelea dakika chache tu yuwaunguza mashine, mwarudi kwa pondo. Na vipuri: impela moja, plagi mbili, feni moja ya akiba, na kama ni mashine ndogo, pini za feni kama nne. Pini imewekwa ivunjike yeye ili gia isivunjike. Kuna watu hutia msumari mahali pa pini. Kigogo kimoja tu, gia kwisha.

#11 Ngalawa_Mambrui
@Maweni_Mld mbona unapita Sabaki iliyo mlangoni pako ukaifuate Tana? Mlango wa mto uko kaskazini ya mji hapo tu. Kuna heroe, mwari, membe wa kila aina, na viboko wapo.

#12 Mwalimu_Garsen
Sabaki ni ya miguu. Ndege wa mlangoni wapo kwenye matope maji yakiwa yamepwa, na maji yakipwa boti haina pa kuelea. Uende na darubini na kijana wa pale anayejua viboko wanapopita, asubuhi moja, umemaliza. Ule udongo mwekundu unaotia rangi ufuo wa Malindi wote watoka kwenye Athi huko juu. Injini ya Mashine_40 haitamaliza siku mbili humo.

#13 Ngalawa_Mambrui
Asubuhi moja wapata ndege wa siku nne za Tana. Lakini haya.

#14 Tanga_Mbili
Kuhusu (c), maana naona hakuna anayeigusa. Dahabiya ni chombo cha matanga mawili, mbele na nyuma, ya pembe tatu jamaa moja na yetu. Hubeba watu kumi hivi hadi ishirini, wakati meli za kawaida za pale hubeba mia na zaidi. Nyingi huanzia Esna si Luxor, kwa sababu Esna kuna lango la kupandishia meli, na foleni yake yakula muda. Upepo mwingi wa pale watoka kaskazini, kwa hiyo tanga lakupandisha mto kuelekea Aswan kinyume cha mkondo. Upepo ukifa, kuna kitagi cha kuvuta. Kisichobebwa kwenye matangazo ni kwamba usiku mwafunga kingoni, hamsafiri.

Faida ya udogo wake ni pale Gebel el-Silsila, kwenye machimbo ya mawe ya kale. Dahabiya hutia nanga, meli kubwa hupita tu. Edfu na Kom Ombo kila mtu anashuka, mtasongamana na watu wa meli zote.

Lakini wanyama, sahauni. Tangu bwawa kuu la Aswan likamilike 1970, mamba wako nyuma yake, ziwani. Kiboko hakuna kabisa. Mamba mtakaowaona ni waliokaushwa, ndani ya jumba la makumbusho la Kom Ombo.

#15 Maweni_Mld
😂 Basi (c) imekufa kwa upande wa wanyama. Ahsante @Tanga_Mbili.

#16 Tanga_Mbili
Haijafa. Inategemea mizani yenu. Mkitaka wanyama kwa pesa za nje, Mfereji wa Kazinga, Uganda, kati ya Ziwa George na Ziwa Edward, viboko ni wengi mpaka mwachoka kuhesabu, ila ni saa mbili tu za boti, si safari ya kulala majini. Rufiji, ndani ya Hifadhi ya Nyerere iliyotengwa 2019, boti ndogo za bati zaenda karibu sana. Huko utamaduni mdogo, maana mko ndani ya hifadhi, vijiji viko nje. Hakuna chombo kinachokupa matatu sawasawa. Mwamue ni lipi mwaweza kulikosa.

#17 Kaskazi_Tu
Hilo la viboko Kipini mbona mwalizunguka? Watu husema siku hizi hawaonekani karibu na kijiji kama zamani. Atakayewapeleka awaeleze kwa nini.

#18 Pondo_Kipini
Chumvi. Maji ya bahari yapanda mbali zaidi kuliko zamani, mpunga wa Ozi umeshaungua kwa chumvi, wakulima wamelalamika mara ngapi. Kiboko huvumilia chumvi, lakini majani anayokula yakifa humfuata nani? Hupanda juu.

#19 Mwalimu_Garsen
Na chumvi imeletwa na nini? Mabwawa. Masinga lilipokamilika 1981 mafuriko yakaanza kupimwa kwa bomba. Mto usiposukuma, bahari yaingia.

#20 Jahazi_Mzee
Mwatafuta mbali. Ni kelele. Boti za zamani zilikuwa za pondo. Kiboko akisikia mashine yuwazama, akiibuka mko kona ya pili mwasema hakuna viboko. Zimeni mashine mita mia kabla ya kona, muachie chombo kiteremke na mkondo, pondo tayari mkononi, mtaniambia.

#21 Mashine_40
Ni saa tu. Maji yakijaa hakuna tope la kulalia, wamo ndani. Njooni yakiwa yamepwa, saa mbili asubuhi, wako nje wameanika migongo. Nahodha anayewapeleka saa saba mchana na maji yamejaa ndiye anayesema wameisha.

#22 Pondo_Kipini
@Mashine_40 saa yaeleza siku moja. Haielezi miaka.

#23 Mwalimu_Garsen
Na mashamba yameshuka hadi kingo za mto. Kiboko akipita usiku huwindwa kwa kelele na moto. Akihama utasema ni mashine?

#24 Jahazi_Mzee
Nitasema ni mashine.

#25 BintiSiyu
Wakati nyinyi mwagombania kiboko mmoja, niwape hesabu ya Takwa, maana wengi hukwama huko na kulala na mbu. Mkono ule wa mikoko waingika maji yakijaa tu. Mwezi mosi na mwezi kumi na tano (nahesabu siku za mwezi mwandamo), siku za bamvua, yaani maji makubwa, maji hujaa saa kumi na kitu alasiri na hupwa saa nne na kitu asubuhi. Kila siku yachelewa kama dakika 50. Kwa hiyo mwezi tisa hadi kumi na moja, na ishirini na nne hadi ishirini na sita, maji yajaa karibu na adhuhuri. Hapo mwaenda asubuhi, mwatembea msikitini na kwenye lile kaburi la nguzo la karne ya 17, mwarudi mchana.

#26 Jahazi_Mzee
Binti, hesabu ya saa ni sawa, lakini mwezi tisa na kumi ni maji mafu. Yajaa saa sita, ndiyo, lakini yajaa nusu. Boti ya faiba yapita, mashua iliyobeba watu kumi yagusa. Ngojeni mwezi kumi na mbili au kumi na tatu, ama ishirini na saba au ishirini na nane. Maji yajaa saa saba, saa nane, na yana kina. Ingieni saa moja na nusu kabla hayajajaa, mtoke kabla haijapita saa moja na nusu tangu yajae. Atakayesema "dakika kumi tu nipige picha" mwacheni.

#27 BintiSiyu
Nakubali kwa mashua. Kwa boti ya faiba hesabu yangu yasimama.

#28 Maweni_Mld
Nimeandika. Je, tukichanganya (a) na (b)? Twatoka Amu kwa chombo kimoja, twashuka hadi Kipini kwa bahari, twaingia mtoni.

#29 Pondo_Kipini
Hapo ndipo vyombo huvunjika. Ghuba ya Ungwana iko wazi upande wa kusi. Kusi ikivuma, tangu Aprili au Mei hadi Septemba, mawimbi yaja moja kwa moja mlangoni. Mlango wa Kipini una fungu, nalo huhama baada ya kila mafuriko, kwa hiyo njia ya mwaka jana si ya mwaka huu. Maji yakipwa, mkondo wa mto na maji ya kupwa vyatoka pamoja, vyakutana na wimbi linaloingia, pale pale penye kina kidogo. Mawimbi husimama wima. Atakayelazimika huingia maji yakipanda, saa mbili za mwisho kabla hayajajaa, na mtu wa Kipini ndani ya chombo. Kaskazi ni tulivu zaidi lakini fungu ni lile lile.

Nyinyi mwatoka Malindi kwa barabara, njooni Kipini kwa gari mpande ndani ya mto. Fungu hamna haja nalo.

#30 Kaskazi_Tu
Malindi hadi Garsen kama kilomita 110, mwaendelea hadi Minjila, mwakata kulia kwenda Witu, na Witu ndipo pa kuachia lami kushuka Kipini. Kuanzia Minjila ulizeni polisi kwanza hali ya siku hiyo, kwa sababu kuna vipindi magari huenda kwa msafara na ulinzi, na kuna saa mnazuiliwa. Msipange kufika jioni. Na kule kaskazini, Kiwayu na Kiunga, aliyetaja nguva aulize pia hali ya usalama kabla hajawapeleka wageni.

#31 Liyongo_Wa_Pili
Witu mtapita bila kusimama? Pale ndipo Sultani Ahmed Simba alipotia mkono na Wajerumani 1885, wakamwachia Mwingereza 1890 bila kuwauliza watu wa Witu. Na Kipini kuna kaburi la Fumo Liyongo, yule shujaa wa tenzi.

#32 BintiSiyu
Kaburi linalosemwa ni la Liyongo.

#33 Liyongo_Wa_Pili
Nyinyi wa Pate mna ushahidi gani zaidi? Hata ile sindano ya shaba iliyomuua hamna.

#34 Mwalimu_Garsen
Kwa kuwa mumefika kwenye historia, mfereji wa Belezoni ulichimbwa karne ya 19 kuiunganisha Tana na mto Ozi. Mlango wa Kipini mnaougombania ulikuwa wa Ozi. Tana yenyewe ilitokea kwingine. Mkiwa na nahodha mzuri aweza kuwaonyesha kingo zilizonyooka kuliko mto wa asili unavyonyooka.

#35 Msimamizi
Jamaa, Liyongo ana uzi wake. Rudini majini.

#36 Pondo_Kipini
Majini basi. Kiboko akiogopa hukimbilia kwenye kina. Usiweke chombo kati yake na kina. Mwachieni mkondo wa katikati, nyinyi piteni maji madogo upande wa pili ambako mwaona chini. Mkifika kona msiyoiona, nahodha agonge ubavu wa chombo mara chache waibuke, mjue wako wapi, ndipo mpite. @Jahazi_Mzee hapo kelele yasaidia.

Kulala: msipige hema kwenye njia ya kiboko. Utaijua, ni mfereji uliolainishwa kingoni, nyasi zimekatwa fupi kama kinyozi amepita. Kaeni mbali nayo na juu ya kingo. Maji ya kunawa yachoteni kwa ndoo yenye kamba, mtu asichutame ukingoni, mamba husubiri palepale watu wanapochota kila siku. Chandarua kila mtu na chake, delta ina malaria.

Kijijini, kwanza kwa mzee wa kijiji, halafu kamera. Wafugaji wa Orma wakinywesha ng'ombe msiwapigie picha kutoka botini kama mwapiga swala. Shukeni, salimuni, ombeni.

#37 Jahazi_Mzee
Kugonga na mashine ni mamoja? Kugonga kwamwita, mashine yamfukuza. Na jaketi okozi, hakuna aliyezitaja hadi sasa. Kumi, zivaliwe, zisikaliwe. Ile ya mtoto si ndogo ya mtu mzima, ni ya mtoto. Mikanda ya chini, ile ya kupita kati ya mapaja, ifungwe, la sivyo yapanda usoni. Chombo kiwe na leseni ya mamlaka ya bahari inayoonyesha idadi ya watu. Ikiwa imeandikwa 8, nyinyi ni kumi.

#38 Maweni_Mld
Ahsanteni. Basi ikiwa leseni ni ya 8, twaenda vyombo viwili?

#39 Mashine_40
Viwili vya watano watano ni bora kuliko kimoja cha kumi. Kimoja kikifa mashine cha pili kinavuta. Petroli itapanda, lakini injini zaweza kuwa ndogo, farasi 15 kwa kila kimoja, na hizo hazili kama 40. Bebeni kamba ya kuvutia ya mita 20, isiyo ya nailoni nyembamba ile ya nanga ya mtumbwi.

#40 Pondo_Kipini
Na mkaenda Februari.

#41 Ngalawa_Mambrui
Februari joto la Garsen litawaua kabla ya kiboko. Agosti mapema, mafuriko yamekwisha, hewa safi.

#42 Pondo_Kipini
Agosti kusi bado yapiga, vumbi la barabara hakuna lakini ndege wa kutoka Ulaya nao hakuna. Wao huja kuanzia Septemba hadi Aprili. Mwataka ndege au mwataka kiyoyozi?

#43 BintiSiyu
Agosti au Februari, Amu iko pale pale.